Si kila nundu ya mfupa ni saratani, lakini kila nundu yataka picha

Huenda unaishi Eastleigh, South C au Kayole, na mji wa Garissa unaujua kwa kusikia tu. Hata hivyo simu ya namna hii yaweza kukufikia usiku wowote. Mjomba anapiga kutoka Modogashe, au shangazi kutoka Masalani: "Kijana ana nundu ngumu juu ya goti. Jirani anasema ni kansa. Mzee anasema achomwe kwa chuma. Je, tumlete huko, au tungoje kwanza?" Na kwa kuwa wewe ndiwe uliyesoma, jamaa wote wanangoja neno lako.

Leo tulitafute neno hilo pamoja. Nimeuchagua uliokuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki, yaani kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, kwa sababu huko umbali, uhaba wa vyombo na mapokeo ya wazee hukutana mahali pamoja, na uamuzi wa haraka waweza kumgharimu mtoto mguu wake. Lakini mafunzo yake yanamhusu pia mzazi wa Nairobi, Mombasa au Nakuru aliye na kijana anayekua.

Neno lenyewe ni fupi. Nundu nyingi za mifupa kwa vijana si saratani, lakini jicho na kidole haviwezi kuzitenganisha na saratani. Kinachoanza kuzitenganisha ni picha ya eksirei. Kwa hiyo picha iwe ya kwanza, mengine yafuate.

KWA NINI VIJANA?

Mfupa wa mtoto haurefuki katikati kama mpira unaovutwa. Hurefuka karibu na ncha zake, mahali penye bamba jembamba la gegedu, ile nyama ngumu tunayoigusa sikioni. Chembe za bamba hilo huzaana, hupangana, kisha hugeuka kuwa mfupa. Kazi hiyo ni kali zaidi karibu na goti. Ndiyo sababu mvulana aweza kumpita mama yake kwa kimo kati ya likizo moja na nyingine. Bamba hilo hufungwa mtoto anapomaliza kukua, aghalabu kati ya miaka 14 na 16 kwa wasichana, na kati ya 16 na 18 kwa wavulana.

Penye kazi nyingi hapakosi kasoro. Mara nyingine chembe hukengeuka na kujenga mfupa au gegedu pasipotakiwa. Hapo ndipo uvimbe unapozaliwa, na ndiyo maana aghalabu huonekana katika umri wa kwenda shule, na sana sana karibu na goti au bega.

Maradhi haya hayakuletwa na chakula cha mjini. Mwaka wa 2016 wanasayansi walieleza jinsi walivyokuta uvimbe usio wa saratani ndani ya pingili ya uti wa mgongo wa kijana wa jamii ya kale iitwayo Australopithecus sediba, ambaye mabaki yake yalichimbuliwa Malapa, Afrika Kusini. Kijana huyo alikuwa na umri wa kama mtoto wetu wa miaka 12 au 13, na aliishi karibu miaka milioni 2 iliyopita. Mama asijilaumu, basi, kwamba alimlisha mwanawe vibaya, wala asimshuku jirani kwa jicho la husuda.

Wala teke la mpira silo lililoleta nundu. Mara nyingi uvimbe ulikuwako kimya, na mtoto alipoumia ndipo watu wakapatazama mahali hapo kwa mara ya kwanza.

NUNDU ZENYEWE

Inayojulikana zaidi huitwa osteokondroma. Ni kama tawi dogo la mfupa lililochipuka pembeni mwa mfupa mkubwa, nalo limevikwa kofia ya gegedu. Kati ya uvimbe wote wa mifupa usio wa saratani, karibu theluthi moja ni wa aina hii. Mtoto huigundua akioga au akivaa soksi: kitu kigumu, hakisogei, hakiumi. Hukua pamoja na mwenyewe, na yeye anapoacha kurefuka, nayo huacha. Wengi huishi nayo hadi uzeeni bila kupasuliwa. Daktari huikata tu ikiwa inasugua mshipi wa msuli, inabana mshipa wa damu au wa fahamu, inapinda kiungo, au inamtesa mwenyewe kwa namna nyingine. Lakini nundu hii ikianza kukua tena au kuuma baada ya mtu kuwa mzima, hapo haifai kungoja, kwa kuwa mara chache sana kofia yake ya gegedu hugeuka saratani.

Kuna jamaa ambazo nundu hizi ni nyingi, kwenye magoti, mabega, mikono na mbavu. Hayo ni maradhi ya kurithi. Hayahitaji kutoka pande zote mbili: mzazi mmoja akiwa nayo, kila mtoto ana nafasi moja kati ya mbili ya kuyapata. Basi mtu asiseme yametokana na binamu kumwoa binamu. Mwenye nundu nyingi yafaa aonwe na daktari kila mara, kwa maana hatari yake ya saratani ni kubwa kidogo kuliko ya mwenye nundu moja, na mifupa yake yaweza kupinda.

Aina ya pili ni mfuko wa maji ndani ya mfupa. Huu hauonekani kwa nje. Hukaa aghalabu katika mfupa wa mkono karibu na bega, kwa watoto wa miaka 5 hadi 15, na wavulana ndio wengi. Siku moja mtoto anarusha jiwe, au anaanguka kidogo tu kutoka kwenye punda, na mkono unavunjika. Watu wanashangaa: kaanguka kidogo hivyo, mbona kavunjika? Picha ndiyo inayojibu, kwa kuwa ukuta wa mfupa ulikuwa umekwisha kuwa mwembamba. Mara nyingi mfupa hupona kwa kufungwa vizuri, kisha mfuko huangaliwa kwa miezi na miaka. Ukizidi kudhoofisha mfupa, daktari hutia dawa ndani kwa sindano au hujaza mfupa mwingine.

Aina ya tatu haihitaji hata jina. Ni doa katika mfupa wa mtoto mwenye afya, linaloonekana kwa bahati tu anapopigwa picha kwa sababu nyingine. Daktari mzoefu hulitambua na kuliacha. Mtoto akikua, doa hujaa mfupa na kutoweka. Yapo mambo ambayo tiba yake ni kutoyagusa.

Ya nne ni ndogo lakini ina fujo: osteoidi osteoma. Kiini chake hakizidi sentimita 2, pengine ni kama punje ya choroko, lakini humnyima kijana usingizi. Maumivu huja usiku, na huweza kutulia kwa ajabu akimeza aspirini au dawa za jamii hiyo. Daktari Henry Jaffe wa New York ndiye aliyeitenga kuwa maradhi ya peke yake mwaka wa 1935. Mzazi usichukue habari hii kuwa ruhusa ya kumpa mtoto aspirini kila usiku. Aspirini haifai kwa walio chini ya miaka 16 bila amri ya daktari, kwa kuwa yaweza kudhuru ubongo na ini. Wewe mweleze daktari tu kwamba maumivu ni ya usiku na dawa gani iliyatuliza. Habari hiyo pekee yaweza kumwonyesha njia.

Ya mwisho huwapata hasa vijana waliokwisha kukua, wa miaka 20 hadi 40. Ni uvimbe wa seli kubwa. Kwa kawaida si saratani, lakini hula mfupa karibu na goti kama mchwa alavyo nguzo, na hata ukipasuliwa waweza kurudi. Jina la "usio wa saratani" lisimlaze mtu usingizi hapa, maana akichelewa kiungo chake kitaharibika.

WENYE SURA MOJA

Sasa tufike palipo na hatari. Saratani ya mfupa iitwayo osteosarkoma ni nadra, lakini hupenda umri ule ule na mahali pale pale: vijana wa miaka 10 hadi 20, karibu na goti. Mwanzoni nayo ni uvimbe tu na maumivu tu. Ikiachwa huenda mapafuni. Ikishikwa mapema, kwa dawa na upasuaji, wengi hupona, na baadhi yao mguu husalimika.

Yako pia maradhi mengine yanayojifanya uvimbe. Usaha waweza kuingia ndani ya mfupa. Kifua kikuu nacho hakikai kifuani pekee, huvamia goti, nyonga na uti wa mgongo. Kaskazini Mashariki inalijua adui huyo vyema. Wajir ndipo Annalena Tonelli, Mwitaliano aliyefika Kenya mwaka wa 1969, alipoanzisha mwaka wa 1976 manyatta ya wagonjwa wa kifua kikuu, wakaishi humo katika vibanda kama vya kwao hadi wamalize dawa. Mtoto wa kifua kikuu cha mfupa akidhaniwa ana kansa, atakosa dawa ambazo zingemponya. Akidhaniwa amejikwaa tu, atapata kibiongo.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, zishike dalili hizi. Maumivu yanayomwamsha mtoto usiku au yasiyoisha kwa majuma kadhaa. Uvimbe unaokua upesi, au ulio moto. Homa na kukonda. Kuchechemea bila sababu. Mfupa kuvunjika kwa kishindo kidogo. Nundu inayokua baada ya kimo kusimama. Mwenye mojawapo ya hizi asingoje mwisho wa muhula wala soko la mifugo. Apelekwe juma hilo hilo. Asiye na dalili hata moja naye apigwe picha, ila yeye aweza kwenda kwa utaratibu.

MOTO WA MZEE NA MOTO WA DAKTARI

Katika jamii za wafugaji wa Kaskazini, kuchoma kwa chuma cha moto ni tiba ya tangu zamani, kwa watu na kwa ngamia. Wapo pia mafundi wa kuunga mifupa, na baadhi yao wana mikono ya kusifika. Si haki kuwacheka. Walikuwako kabla ya hospitali, na hata leo wako karibu kuliko hospitali.

Lakini tuseme kweli. Chuma huchoma ngozi, nayo nundu iko katika mfupa. Kinachobaki ni kovu, na kidonda kichafu kinachoweza kupeleka wadudu ndani. Kuchua nako ni vivyo hivyo. Mfupa uliokonda kwa mfuko wa maji waweza kuvunjika mkononi mwa mchuaji, na kama uvimbe ni saratani, kila juma la kuchua ni juma lililopotea. Kibaya zaidi ni kukatwa upesi upesi katika kliniki ya mtaani bila picha. Saratani ikikatwa hivyo, mbegu zake hutawanyika katika nyama, na mguu ambao ungeokolewa hauokoleki tena.

La kustaajabisha ni kwamba madaktari nao huchoma. Ile osteoidi osteoma ya maumivu ya usiku siku hizi hutibiwa kwa sindano yenye joto, inayoongozwa kwa picha za kompyuta hadi katikati ya kile kiini kidogo, ikakiunguza mahali pake. Njia hiyo ilianza kutumika mapema katika miaka ya 1990. Pasipokuwa na chombo hicho, daktari hukichimbua kiini kwa upasuaji. Basi ukizungumza na mzee usimwambie moto ni ushenzi. Mwambie: "Baba, hata daktari huchoma, lakini kwanza huona anachokichoma." Huenda akakusikiliza.

SAFARI YA PICHA

Mji wa Garissa una hospitali ya rufaa ya kaunti, ile iliyokuwa ikiitwa Hospitali Kuu ya Mkoa. Kwa hiyo kwa wengi safari ya kwanza si ya Nairobi, kilomita 370 hivi, bali ya hospitali kubwa iliyo karibu yenye eksirei. Kwa mtu wa Mandera hilo lina maana sana, kwani kutoka kwake hadi Nairobi ni kama kilomita 1,000, na barabara zetu mnazijua. Mwishoni mwa 2023 mafuriko ya El Nino yaliikata barabara ya Garissa karibu na Madogo, mabasi yakakwama.

Mkifika, ombeni picha mbili, moja ya mbele na moja ya ubavuni, zinazoonyesha kiungo kilicho karibu. Picha hizo msiziache hospitalini wala msizitupe. Uvimbe usio na madhara hujulikana mara nyingi kwa kutobadilika, na daktari hawezi kujua kama umebadilika pasipo picha ya kwanza ya kulinganisha. Akisema "rudini baada ya miezi sita", hamfukuzi mtu, wala si uvivu. Huko kurudi ndiko tiba yenyewe. Jamaa inayohama na mifugo iandike mwezi huo na kumpa mtu wa mjini kazi ya kukumbusha. Hiyo, msomaji, yaweza kuwa kazi yako.

Picha ikimtia daktari shaka, atataka picha za kina zaidi, kisha kipande kidogo cha uvimbe kichunguzwe kwa darubini. Kipande hicho afadhali kichukuliwe na wale wale watakaompasua mtoto, kwa kuwa njia ya sindano yenyewe lazima ipangwe. Hapo ndipo safari ya Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta inapofaa, au ya hospitali ya CURE iliyoko Kijabe, iliyofunguliwa mwaka wa 1998 kwa ajili ya upasuaji wa mifupa ya watoto.

Na kuhusu fedha, tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imechukua nafasi ya NHIF. Ulizeni mapema kama jamaa yote imesajiliwa na michango imelipwa. Usajili unaofanywa mtoto akiwa tayari yu kwenye machela huchosha watu wote.

NENO KWA WANAFUNZI

Wewe msichana wa bweni, najua vazi refu husitiri mengi. Nundu iliyo juu ya goti yaweza kukaa mwaka mzima bila mama kuiona. Unaogopa kuchekwa, unaogopa kuonyesha mguu mbele ya daktari wa kiume, unaogopa kusikia neno "kukatwa". Mwambie mama au matroni. Ukifika hospitalini una haki ya kuomba muuguzi wa kike awepo, au mama akae nawe. Hakuna daktari mwema atakayekataa. Na kwa wengi wenu jibu la picha litakuwa la furaha: si kitu, njoo tena baada ya miezi kadhaa.

Wewe mvulana wa mpira, usijifanye simba. Maumivu ya mazoezi hupungua ukipumzika. Yanayozidi usiku ukiwa umelala si ya mazoezi. Mwone mwalimu wa michezo leo.

Na ninyi wanafunzi mnaoketi karibu na mwenye nundu, msimwite majina. Haiambukizi kwa kugusana, kwa kikombe wala kwa shuka. Mnachoweza kumwambukiza ni aibu, nayo ndiyo itakayomfanya aifiche.

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi naongeza kwa upole kwamba mtangaza maradhi bila picha naye huumbua, kwani huwalaza watu na hofu ya kansa isiyokuwepo, mbuzi wakauzwa na shule ikaachwa bure. Kati ya kuficha na kutangaza iko njia moja: kwenda, kupiga picha, kuitunza, na kurudi siku iliyopangwa.

Jumapili hii, kabla hujakunja gazeti, muulize kijana wako kama kuna mahali panapomwuma usiku, au kitu kigumu alichokigusa akioga. Hadi Jumapili ijayo, nakutakia wewe na jamaa yako juma lenye afya njema.